Punguza Kwanza, Ndipo Uongeze

Leo sina habari za PHP wala MySQL. Leo ni mitambo ya kanisa, maana Jumapili mimi huacha kompyuta na kukaa nyuma ya mikisa, kwenye kanisa letu hapa Ramisi. Jengo ni la kawaida: paa la mabati, sakafu ya saruji, kuta tupu. Sauti haina cha kuinyonya, inarudi ilikotoka.

Kiongozi wetu wa sifa ni mama mwenye sauti nzuri sana. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimaliza ibada amekauka koo. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, nadhani Mungu ananiambia nipumzike. Mwezi ujao nampisha mwingine." Nilimwomba aende hospitali Msambweni aangaliwe koo. Mimi nikaanza kutafuta kosa kama ninavyolitafuta kwenye programu, hatua kwa hatua.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Dramu zikipigwa kwa nguvu, wa besi anaongeza ampu yake. Wa kinanda hajisikii, ananyoosha kidole juu, nami namwongezea kwenye monita. Mama naye hajisikii, anapiga kelele. Daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza jambo hili mwaka 1911: mtu akiwa penye kelele hupaza sauti bila kujua. Nikimwongezea mama, maiki inanasa sauti ya monita na kuirudisha kwenye monita, mpaka spika zinapiga mbinja. Waandika programu mnakijua hicho: kitanzi kisicho na mwisho.

Jumamosi kwenye mazoezi nikazima monita zote. Tukaanza na dramu na mama tu, dramu zikishuka hadi tukamsikia. Ampu ya besi ilikuwa chini ikipiga magoti ya mpigaji. Tukaipandisha juu ya kiti, ikaelekea masikioni mwake, akaipunguza mwenyewe. Monita ya mama ilikuwa ubavuni. Nikaihamisha mbele yake, mgongoni kabisa mwa maiki, kwa sababu maiki ya kadioidi hainasi vizuri kinachotoka nyuma yake. Nikamwomba asikifumbate kichwa cha maiki, maana hapo kinga hiyo inapotea. Ndani ya monita nikaacha vitu viwili: sauti yake na kinanda.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha zamani, kile kilichofungwa mwaka 1988, alikuwa akitutazama. Akacheka, "Sisi mashine zikinguruma tulisemezana kwa mikono." Basi tukakubaliana ishara: usinionyeshe nani aongezwe, nionyeshe nani apunguzwe.

Kesho yake ibada ikaisha, mama akaja kwenye mikisa. "Leo nimejisikia nikiimba," akasema, na sauti bado anayo. Habari ya kupisha mwingine hakuitaja tena, nami sikumkumbusha.

Mpiga dramu bado amenuna kidogo. Huyo tutaongea naye.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye PHP.