Mawe ya kusagia katika jangwa

Tangu nilipofika hapa Phoenix, katika jimbo la Arizona, Marekani, ndugu zangu wa Fizi hunipigia simu na kuniuliza: «Katika jangwa munaishi namna gani? Si mchanga mtupu?» Nami zamani niliwaza vilevile. Katika seminari ndogo nililiona jangwa katika picha tu: mchanga, jua na ngamia. Basi nisikilizeni, niwaeleze jangwa nililolitembea kwa miguu yangu mwezi wa Januari.

Januari hapa ni majira ya baridi, na ndiyo wakati mzuri wa kutembea. Katika Julai joto hupita mara nyingi digrii 40, na watu hufa njiani. Asubuhi ile nilivaa koti, nikachukua lita tatu za maji, mkate na kitana. Kitana kilikuwa shauri la mzee mmoja wa parokia yetu, nami nilimcheka. Bibi yangu yeye hakucheka. Alikasirika kwa sababu nilikuwa nikienda peke yangu. Nikamwahidi kurudi saa sita.

Nikaiacha motokari chini ya milima ya Superstition, mashariki ya mji, penye njia iitwayo Hieroglyphic. Jina hilo ni la makosa: waliolitoa walifikiri maandiko ya Misri, na Misri haihusiki hata kidogo. Njia yenyewe si ndefu, kama kilometa mbili na nusu kwenda, lakini ni mawe juu ya mawe. Pande zote imesimama miti ya saguaro, isiyo na majani, mirefu kupita nyumba, imeinua mikono juu. Chini yake kuna mmea mwingine, cholla, ambao kwa mbali ni kama manyoya ya kondoo. Kumbe ni miiba! Kipande kimoja kikanishika mguu. Nikakivuta kwa vidole, kikanishika na vidole. Nikakaa juu ya jiwe, nikatoa kitana, nikajikwangua polepole, huku nikimwomba yule mzee msamaha kimoyomoyo.

Bonde likawa jembamba. Maji niliyasikia kabla ya kuyaona. Mvua ilikuwa imenyesha juma lililopita, na chemchemi ilikuwa ikitoa maji kidogo kidogo, yakijaza shimo moja la mwamba, kisha yakashuka katika lingine. Juu ya maji, katika kuta za mwamba, wanyama wamejaa: wenye pembe zilizopindika nyuma, mmoja baada ya mwingine, na kati yao duara zinazojizungusha kama nyumba ya konokono. Watu walizichora zamani sana kwa kugonga jiwe kwa jiwe. Maana yake? Mmoja husema ni sala, mwingine husema ni mambo ya kuwinda. Mimi sikuwapo. Sikuzigusa pia, maana mafuta ya mikono huziharibu.

Kisha nikatazama chini, penye miguu yangu. Katika mwamba kulikuwa na mabonde madogo, laini, yenye kung'aa. Hapo sikuhitaji mwalimu. Yalikuwa mawe ya kusagia.

Mama yangu alikuwa na jiwe la namna hiyo nyuma ya nyumba yetu. Alipiga magoti alfajiri, akasaga ulezi, na sisi watoto tuliamshwa na sauti yake. Tulipokimbia vita katika mwaka 1996, nilikuwa na miaka sita. Mama alibeba mdogo wangu mgongoni na sufuria kichwani. Jiwe likabaki.

Watu wa kale wa nchi hii huitwa Hohokam. Walichimba mamia ya kilometa za mifereji kutoka Salt River, kwa majembe ya mti na ya mawe, wakalima mahindi, maharagwe na pamba. Mjini Phoenix, penye makumbusho ya S'edav Va'aki, masalio ya mifereji hiyo yangali yakionekana. Wazungu waliokuja kulima hapa katika miaka ya 1860 walifuata mifereji ileile. Kufika karibu mwaka 1450 vijiji vikubwa vilikuwa vimeachwa. Wataalamu hubishana juu ya sababu: mafuriko, ukame, njaa au vita.

Vitabu vingi husema: «Walitoweka». Lakini Waakimel O'odham, wanaokaa hata leo karibu na mji huu, husema hao ni babu zao. Nilipokuwa nimekaa penye mawe yale, neno hilo «walitoweka» likaniudhi sana. Mtu angepita kijijini kwetu katika mwaka 1997, angeona majani yameota ndani ya nyumba, na jiwe la mama limejaa maji ya mvua. Angeandika vilevile. Kumbe sisi tulikuwa ng'ambo ya ziwa, kambini Tanzania, tukipanga mstari wa kupewa unga.

Nikasahau saa. Simu haikushika mtandao mle bondeni, na nilifika nyumbani saa tisa na nusu. Bibi yangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuniitikia salamu, na alikuwa na haki. Jioni tu, alipokuwa akikoroga ugali, aliniuliza nimeona nini huko. Nikamweleza habari za mawe.

Akaacha mwiko. «Kina chake kilikuwa namna gani?»

Nikamwonyesha kwa mkono, toka ncha za vidole mpaka penye kifundo.

«Eh,» akasema. «Basi hao walikaa sana. La mama yangu halikufika hapo.»