Kete ya Nani? Lugha katika Utunzi wa Kanuni za Mchezo

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mtunzi wa kanuni za mchezo huuona ukweli wa methali hii upesi, kwani neno moja lililolegea hutosha kuwagombanisha wachezaji waliokuwa wakicheka.

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama vile Kaloleni, Bahati, Jericho na Umoja, mchezo wa dama una mashabiki wengi, nao huuita drafti. Ubao huwa kipande cha mbao au kadibodi chenye miraba 64, na kete huwa vifuniko vya soda: mmoja huvilaza kifudifudi, mwenzake kichalichali. Kanuni hazibandikwi ukutani. Mgeni huzijua kwa kuliwa.

Kijana mmoja wa Jericho alitamani kutunga mchezo wake wa watu wawili, usiotegemea dadu wala bahati. Alichora miraba 36, akampa kila mchezaji vifuniko vinane. Kete ilisogea hatua moja, mbele, nyuma au kando. Kuhusu kula, aliandika: "Kete iliyo kati ya kete mbili za mpinzani huondolewa."

Walipoujaribu, mzee mmoja aliiingiza kete yake katikati ya kete mbili za mwenzake. Mwenzake akanyoosha mkono aichukue. "Kijana," mzee akamgeukia mtunzi, "karatasi yako yasema nimeliwa. Haya, nani amenila?"

Swali hilo lilikuwa la sarufi. Neno "iliyo" lilieleza hali tu, wala halikumtaja mtenda. Kilichohitajika ni kauli ya kutendwa, maadamu kete ikibanwa, yupo aliyeibana. Kijana akaandika upya: "Kete ikibanwa na mpinzani kwa mwendo wake, huondolewa, ikijiingiza yenyewe, hubaki." Mzozo ukazuka tena. Mwendo "wake" ni wa kete au wa mpinzani? Kivumishi hicho huwafaa wote wawili.

Dawa aliipata katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64. Waliolicheza tangu zama waliyapa mambo ya mchezo majina mahususi. Awamu ya kuingiza kete za mkononi ni namua. Zikiisha, huanza mtaji. Shimo la mwisho la safu ya mbele ni kichwa. Kucheza bila kula ni kutakata. Penye jina bayana, utata hupungua. Basi naye akawaita wachezaji wake "mwenye zamu" na "mngoja zamu", akaandika: "Mwenye zamu akisogeza kete na kuibana kete ya mngoja zamu kati ya kete mbili za mwenye zamu, kete iliyobanwa huondolewa." Sentensi ni nzito, ila mzee aliisoma mara mbili akakosa pa kuitilia shaka.

Ubayana huo una thamani kubwa. Mwaka 2007, Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwa kompyuta kwamba dama ya Kiingereza, pande zote zikicheza bila kosa, huishia sare. Kazi hiyo isingewezekana iwapo kanuni moja tu ingekuwa na maana mbili.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na maamkizi, na kwamba mambo yanayohitaji usahihi yaachiwe Kiingereza. Ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi hutakiwa kuandika mikataba, sheria na hukumu, ambamo "yake" yenye utata yaweza kumnyang'anya mtu shamba. Kasoro ya kanuni ya kijana yule ilitokana na uteuzi wa maneno, na marekebisho yake yalipatikana katika Kiswahili hichohicho. Mwanafunzi wa Kiswahili atakaye kuipima sarufi yake na atunge kanuni kumi za mchezo, awape watu wawili wasiopendana, kisha akae kando asikilize.