Mtoto Akililia Wembe

Methali zetu nyingi humuunga mkono mzazi, lakini hii moja humtia mashakani: "Mtoto akililia wembe, mpe." Kwa miaka yote niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari, wanafunzi waliieleza kwa namna moja tu: asiyesikia onyo aachwe afundishwe na maumivu. Maelezo hayo yalipata alama zake na sina ugomvi nayo. Hata hivyo, nikikumbuka tulivyolelewa, naona methali hiyo yatuarifu jambo jingine kabla ya kufika kwenye onyo. Yatuambia kwamba wembe ulikuwa mahali ambapo mtoto aliweza kuuona, na kwamba mtu mzima alikuwa karibu kiasi cha kuweza kumpa.

Nilizaliwa Unyamwezi, katika misitu ya miombo iliyo kusini mwa mji wa Tabora. Huko kila mvulana aliyefikia umri wa kuchunga alikuwa na kisu chake. Hakikuwa kisu cha fahari. Kilikuwa kipande cha msumeno uliovunjika, kimenolewa juu ya jiwe na kutiwa mpini wa mti. Kwacho tulibandua magome tukapata kamba, tukachonga panda za manati, tukamenya miwa. Aliyekuwa na bahati alishonewa ala ya ngozi. Neno hilo, ala, nalitaja makusudi. Nilipomuuliza mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili maana yake, alinijibu upesi: "Ala za muziki, Babu." Hakukosea. Ila ile ala nyingine, ya kuhifadhia makali, hajapata kuiona kwa macho, na neno lisiloonwa kwa macho halikai kinywani.

Shuleni mambo yalikuwa hayo hayo. Baada ya Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, shule ilikuwa na shamba, na mwanafunzi alitakiwa kuja na jembe, panga au fyekeo. Siku za shamba tulisimama mstarini shule nzima, makali begani, tukiimba, na mbele yetu mwalimu mmoja asiye na kitu mkononi ila fimbo. Sikumbuki mtu yeyote aliyeliita panga silaha. Lilikuwa zana. Leo neno hilo hilo likitamkwa kwenye taarifa ya habari, msikilizaji wa Dar es Salaam hukumbuka Panya Road, vijana waliovamia mitaa usiku wakiwa na mapanga. Na sisi wa magharibi tunakumbuka zaidi ya hapo. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia nchi ambamo panga lilikuwa limefanya kazi ambayo mhunzi hakulikusudia. Chuma hakikubadilika. Kilichobadilika ni ngeli ya mambo ambamo akili zetu zimeliweka neno.

Gobore la babu lilitundikwa ukutani, nyuma ya mlango, mahali ambapo mkono wa mtoto uliweza kufika. Lilikuwa la kulinda mahindi dhidi ya ngiri na nyani. Mimi nilikuwa mbeba mfuko wa goroli. Nilipokua kidogo niliruhusiwa kupima baruti na kuishindilia kwa mdeki, babu akitazama bila kusema neno. Kugusa hakukuwa na marufuku, lakini miiko ilikuwapo mingi. Bunduki hairukwi. Mtutu hauelekezwi kwa mtu, hata ukiwa mtupu. Fataki haiwekwi mpaka mawindo yameonekana. Fataki ya babu ilikuwa kile kikofia kidogo cha shaba kinachowasha baruti. Wanafunzi wangu wa miaka ya mwisho walicheka kila nilipoitaja, kwa sababu matangazo ya redio yalikuwa yamewafundisha kwamba fataki ni mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Nalo ni matumizi mazuri ya lugha: kitu kidogo chenye kulipua maisha ya mtu. Babu alipofariki, baba alilisalimisha gobore polisi. Leo, chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, hakuna mtoto atakayebeba mfuko wa goroli, na sidai kwamba yafaa abebe.

Ninachokitamani hasa ni safari. Tulipochaguliwa kwenda sekondari za mbali, serikali ilitupa waranti, kijikaratasi cha kupandia treni. Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipopanda daraja la tatu pale Tabora, na tranka la bati, kuelekea Dodoma peke yangu. Ndani ya behewa kila mtu alikuwa na jina la undugu: mjomba, shangazi, mama mkubwa. Mzaramo mmoja aliposikia nimetoka Unyamwezi alininyang'anya karanga zangu hadharani, akitangaza kwamba mtani wake ameleta kodi, kisha usiku akanifunika kwa shuka lake. Saranda tulinunua kuku kupitia dirishani. Mpaka kunakucha nilikuwa nimesikia Kiswahili cha Mha, cha Mgogo na cha mtu wa Kilosa, na nimejifunza kuomba nafasi kwa namna tatu za adabu. Nyumbani walijua nimefika kwa barua, baada ya wiki mbili, yenye maneno "nimefika salama salimini." Nahisi usanifu wangu wa lugha, kwa kadiri nilivyo nao, ulianzia kwenye mabehewa yale kabla ya chuo cha ualimu.

Mwaka jana nilimwambia binti yangu, anayeishi Dar es Salaam, ampakie mwanawe kwenye treni aje Tabora peke yake wakati wa likizo. Alininyamazia kwanza. Kisha akasema, "Baba, Shikamoo zote nakupa, lakini niulize kitu. Yule mwenzenu aliyetobolewa jicho kwa manati, naye anazitamani zama zile?" Sikuwa na jibu la haraka. Akaendelea: "Na shangazi, naye alikuwa na waranti?" Dada yangu hakuwa nayo. Alimaliza darasa la saba akiwa na akili kunishinda, akabaki nyumbani, kwa kuwa njia ile ile iliyosemwa ni salama kwangu ilisemwa ni hatari kwake. Binti yangu alikumbusha pia ajali ya Karatu ya Mei 2017, ambamo wanafunzi zaidi ya 30 walipoteza maisha ndani ya basi, tena wakiwa na walimu wao. Mzazi aliyeyasikia hayo hawezi kuitwa mwoga.

Nimeyatafakari maneno yake tangu siku hiyo. Zama husifiwa na waliotoka humo wazima, na kati ya hao, zaidi na wavulana. Lakini kuna sehemu ya hoja yangu ambayo hakuivunja. Babu hakuniacha huru. Alinipa miiko, na kila mwiko ulikuwa na sababu na maneno yake. Marufuku ya leo ni kufuli, na kufuli haina msamiati. Mtoto aambiwaye "usiguse" hupata neno moja, ilhali aliyefundishwa kushika hupata mpini, makali, ncha, ala, kunoa na kutahadhari.

Tulipatana hivi: mjukuu alikuja akisindikizwa na mama yake, akabaki nami wiki tatu. Nilimpa kisu cha kumenyea muwa. Siku ya pili alijikata kidole. Nikamfunga kitambaa, akaendelea. Nilimtuma sokoni peke yake, mwendo wa nusu saa, akarudi na chenji pungufu ya shilingi mia na neno jipya alilofundishwa na muuza dagaa. Nilimwomba amwandikie mama yake barua. Aliniuliza inaanzaje. Tulikaa barazani jioni nzima kwa swali hilo.