Kuchagua Senti za Shaba

Neno "hela" twalitamka kila siku, lakini wachache wajua asili yake. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja, wakaweka Heller 100 kwa rupia. Hela zile ndogo zilikuwa za shaba. Baada ya 1921 zikaja senti za Waingereza zenye tundu katikati, nazo za shaba. Tena mwaka 1966 Tanzania ilipotoa fedha yake yenyewe, senti tano yenye picha ya samaki ilikuwa ya shaba vile vile.

Hapa kwetu Galula ninalo kopo la fedha hizo, nililoachiwa na baba yangu. Mjukuu wangu aliniambia, "Babu, tuziuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Yeye hupima kwa kilo, nami nahitaji madaftari."

Nikamjibu, "Neno lako si baya, mjukuu wangu. Lakini asiyepepeta huuza mbegu pamoja na makapi."

Kisha nikamweleza habari za Marekani. Huko senti karibu zote ni nyekundu kwa nje, ila hazifanani ndani. Nyingi zilizofanywa kabla ya 1982 zina shaba sehemu 95 katika 100, na kila moja ina uzito wa gramu 3.11. Katika mwaka huo zikaanza kufanywa za zinki iliyopakwa shaba juu tu, zenye uzito wa gramu 2.5. Basi wako watu wachukuao senti nyingi kutoka benki, wakazitia katika mashine ndogo. Ndani yake huwekwa senti moja ya shaba iwe mfano, na kila senti ipitayo hulinganishwa nayo kwa nguvu ya sumaku ya umeme. Ifananayo huangukia huku, isiyofanana huangukia kule. Wanatazamia faida kwa sababu shaba iliyomo imezidi thamani ya senti yenyewe. Lakini tangu Desemba 2006 serikali imekataza kuziyeyusha. Kwa hiyo wengi huziweka na kungoja.

Sisi hatuna mashine. Tulikuwa na sumaku iliyotolewa katika redio mbovu. Iliinasa shilingi 500, kwa kuwa ndani yake mna chuma. Senti za kale haikunasa hata moja. Ndipo tukatumia macho. Tulizisugua kwa ndimu na majivu, tukazipanga mafungu mafungu. Mara mjukuu akaona moja ya manjano, yenye mwaka 1916 na herufi T. Hiyo ni hela ya Tabora. Wakati wa vita ile fedha zilipopungua, Wajerumani walizipiga huko kwa shaba ya manjano, hata kwa maganda ya mizinga.

Katika mizani ya mnunuzi ingekuwa gramu chache tu. Kwa wakusanyaji wa fedha za kale, thamani yake hupita uzito wake. Tukauza zile zenye tundu zilizochakaa hata maandishi yake hayasomeki, ambazo si fedha halali tena. Mjukuu akapata madaftari yake, na hela ya Tabora ikabaki.

Enyi wanafunzi, vitu vingi vina rangi moja na thamani mbalimbali. Mwenye mashine na achague kwa mashine. Asiye nayo, na achague kwa macho na subira. Lakini kila mtu achague kabla ya kuuza.