Tangazo Lililosifiwa Bila Kusomwa



Miaka kadhaa iliyopita tulitengeneza kwa mikono yetu tangazo la chanjo ya watoto katika zahanati ya parokia. Tuliliona kuwa zuri mno. Lilikuwa na maua katika kona zote nne, rangi sita, herufi za aina tano, na maneno ya kuhimiza yaliyoijaza karatasi pomoni. Siku yenyewe, Jumamosi, tuliiandika mstari wa mwisho, kwa rangi ya manjano juu ya karatasi nyeupe.

Jumapili akaja mama mmoja, mtoto mgongoni, akiwa ametembea tangu alfajiri. Wauguzi walikwisha kuondoka. Akatuambia kwa upole, "Samahani Baba, tangazo nililiona. Lilikuwa zuri sana. Ila siku sikuiona." Mtoto wake alilazimika kusubiri hadi mwezi uliofuata.

Maneno hayo yalitupeleka kwa mchora mabango mmoja wa mjini, tukamwomba atufundishe. Hakuanza na kompyuta. Alitupa karatasi tupu na kutuamuru tuweke nukta moja nyeusi. Katikati, nukta ilitulia. Tulipoisogeza karibu na ukingo, karatasi nzima ilionekana kuelemea upande mmoja. Tulipoongeza nukta ya pili, macho yetu yalichora mstari baina yake, ilhali hakuna aliyeuchora. Hapo tukatambua kwamba jicho halisubiri kuelekezwa. Lisipopewa njia, hujitafutia yake.

Kisha akatandaza kanga juu ya meza. Tumeziona kanga tangu utoto, lakini siku hiyo ndipo tulipoisoma moja. Pindo linalozunguka pande zote nne hulizuia jicho lisitoke nje. Mapambo yanayojirudia hulipa mwendo. Mji, yaani sehemu ya kati, hubeba picha kuu. Na jina huwekwa chini kidogo ndani ya mji, kwa herufi kubwa, mara nyingi ndani ya kisanduku chake, lisisongwe na maua. Kila kitu kina mahali pake, na hakuna kinachogombania nafasi ya mwenzake.

Kuhusu rangi, alikata vipande viwili kutoka karatasi moja ya kijivu, akaweka kimoja juu ya karatasi nyeusi na kingine juu ya nyeupe. Tungeweza kuapa kwamba ni rangi mbili tofauti. Josef Albers, mwalimu aliyezaliwa Ujerumani na kufundisha Marekani, alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima juu ya jambo hili: rangi huonekana kwa kadiri ya jirani yake. Manjano yetu, ambayo juu ya nyeusi yangeng'aa, juu ya nyeupe yalitoweka.

Mwishowe alilitundika tangazo letu ukutani, akatuambia turudi nyuma hatua kumi na kufinya macho. Tulifinya. Maneno yote yalipotea, yakabaki maua. Kwa hakika tulikuwa tumetangaza maua.

Tukaanza upya. Juu tuliandika CHANJO YA WATOTO, chini yake JUMAMOSI na saa, nyeusi juu ya nyeupe, kwa herufi za aina moja. Nusu ya karatasi ilibaki tupu. Nafasi hiyo ilitusumbua, tukaomba tubakize walau ua moja. Fundi akauliza, "Ua hili linamwambia mama nini?" Hatukuwa na jibu, tukalifuta. Ndipo tulipokiri kwamba mapambo yale tuliyaweka kwa ajili ya kusifiwa sisi, wala si kwa ajili ya yule atakayesoma akiwa amesimama juani, mtoto akilia mgongoni.

Wapendwa, kabla ya kubandika tangazo lolote, liwe la jumuiya, la msiba au la mkutano, rudini nyuma hatua kumi, mfinye macho, mwone kinachobaki.

Tangazo letu la pili hakuna aliyelisifu. Akina mama walikuja Jumamosi.