Baba Asiyetoka Mlangoni

Mweleze mtu yeyote aliyelelewa kando ya Ziwa Nyanza kwamba wako watu wazima, wenye akili zao timamu, ambao huamka alfajiri, wakatwaa ndoano na mshipi, wakavua samaki mnene wa kilo mbili, wakamtazama, wakampiga picha, kisha wakamrudisha majini na kwenda zao nyumbani mikono mitupu. Atakucheka. Pengine atakuuliza kama watu hao wana njaa ya kutosha. Kwetu Mwanza nilikozaliwa, samaki ni kitoweo, ni ada ya shule, ni kodi ya nyumba. Nimewaona akina mama wakinunua mapanki ya sangara, yaani mifupa iliyobaki baada ya minofu kusafirishwa ng'ambo, ili watoto wapate japo mchuzi. Mtu wa namna hiyo humwambiaje habari ya kurudisha samaki?

Nayaandika haya kwa sababu mwezi Juni 2024 niliishi kwa majuma matano katika nyumba ambamo jambo hilo lilikaribia kuwagombanisha bibi na mjukuu wake.

Nyumba hiyo ni ya dada yangu na mumewe. Iko St. Clair Shores, kitongoji cha mji wa Detroit, Marekani. Shemeji yangu ni dereva wa malori makubwa ya safari ndefu. Huondoka Jumapili jioni na aghalabu hurudi Ijumaa usiku. Wana mtoto wa kiume wa miaka 11, aliyezaliwa hukohuko, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Wakati huo dada alikuwa na mimba ya miezi saba, na mama mkwe wake alikuwa amesafiri kutoka Ukerewe kuja kumsaidia uzazi, kama ilivyo desturi yetu. Mama huyo amekulia katika familia ya wavuvi, na mumewe marehemu alikuwa mvuvi.

Kitongoji hicho kimeegemea Ziwa St. Clair. Ziwa hili si miongoni mwa yale Maziwa Makuu matano ya Amerika ya Kaskazini, bali limekaa katikati ya mawili kati yake, Huron na Erie. Maji ya Huron huingia kwa Mto St. Clair na kutokea Mto Detroit, na mpaka wa Marekani na Kanada umekatiza humo. Jina lake lilitokana na msafara wa Mfaransa La Salle, uliopita hapo kwa meli tarehe 12 Agosti 1679, katika sikukuu ya Mtakatifu Klara. Eneo lake ni yapata kilometa za mraba 1,100, lakini kina chake cha wastani ni kama meta tatu tu, hata imebidi kuchimba mfereji wa zaidi ya meta nane ili meli za mizigo zipite. Upande wa Detroit, ufuko wake umejaa nyumba za watu, gati za mashua na bustani za kupumzikia. Mtoto huweza kutoka shuleni, akachukua fimbo yake ya kuvulia, na baada ya dakika kumi akawa ametupa ndoano.

Samaki anayesifiwa katika ziwa hilo wataalamu humwandika Micropterus dolomieu. Wenyeji humwita kwa jina lenye maana ya kinywa kidogo, kumtofautisha na nduguye mwenye kinywa kikubwa, nami nitamwita hivyo. Ni samaki wa rangi ya shaba iliyochanganyika na kijani, mwenye milia ya kusimama ubavuni na macho mekundu. Akinaswa huruka juu ya maji akitikisa kichwa ili aiteme ndoano, na mvuvi asipokaza mshipi humpoteza. Hukua polepole, kufikia sentimeta 35 huweza kumchukua miaka minne hivi.

Jumamosi ya kwanza ya Juni, shemeji akiwa bado safarini, tulikwenda ziwani watatu: mimi, kijana na bibi yake. Haukupita muda kijana akanasa kinywa-kidogo mkubwa, karibu kabisa na ukuta wa mawe. Bibi alisimama, akapiga kigelegele, akatandika mfuko. Alikuwa amekwisha kupanga moyoni: nazi ipo, ndimu ipo, mkwe wake atakula mchuzi wa samaki freshi. Kijana akachuchumaa, akaitoa ndoano taratibu, akamwachia samaki. Maji yakafumba.

Jioni ile bibi hakusema na mtu. Alipoulizwa alijibu neno moja tu: "Nimezaa watoto saba. Sijaona mjukuu anayemnyang'anya bibi yake kitoweo mkononi."

Kijana naye alikuwa karibu kulia, maana hakuwa na maneno ya kujieleza. Ikanilazimu kuwa mkalimani. Kwanza kulikuwa na sheria. Katika jimbo la Michigan, tangu mwaka 2015, mtu anaruhusiwa kumvua samaki huyu wakati wowote wa mwaka kwa sharti la kumwachia papo hapo. Katika Ziwa St. Clair, ruhusa ya kumchukua nyumbani huanza Jumamosi ya tatu ya Juni; wasizidi watano kwa siku, na asipungue inchi 14, yaani hizo sentimeta 35. Bibi alisikiliza, akasema sheria za watu wenye majokofu yaliyojaa hazimhusu. Sikuwa na jibu.

Ndipo kijana akasema kwa Kiswahili chake: "Bibi, yule baba. Watoto wake pale."

Kesho yake alimshika bibi mkono, akamrudisha kwenye ukuta ule ule. Chini, mahali pasipozidi meta moja na nusu, palikuwa na duara jeupe la changarawe iliyofagiwa safi, na juu yake samaki amesimama. Hivi ndivyo anavyoishi kinywa-kidogo: maji yakifikia joto la nyuzi 15 au 16, dume huchimba kiota kwa mkia wake. Jike huja, hutaga, na kwenda zake. Dume hubaki. Huyapepea mayai kwa mapezi yasifunikwe na tope, na yakiisha kuanguliwa huwalinda watoto mpaka watawanyike. Kazi hiyo humchukua majuma kadhaa, na muda wote huo hula kidogo mno. Mwili wake hukonda.

Adui yake mkubwa siku hizi ni samaki mdogo aitwaye gobi, mgeni aliyetoka Ulaya ya Mashariki ndani ya maji ya meli, akagunduliwa katika Mto St. Clair mwaka 1990. Kabla yake, mwaka 1988, waligunduliwa kome wenye milia kama pundamilia, nao waliletwa na meli. Kome hao huchuja maji, na ndiyo maana bibi aliweza kuona mpaka chini. Ajabu ni kwamba gobi ndiye chakula kinachomnenepesha kinywa-kidogo mwaka mzima. Lakini wakati wa kutaga mambo hugeuka. Baba akiondolewa kiotani, hata kwa dakika chache, magobi huvamia na kuyala mayai. Kwa hiyo wako wavuvi wasemao kwamba wakati huo si haki hata kumvua na kumrudisha, na nadhani wanasema kweli. Tangu siku ile kijana alitupa ndoano yake mbali na viota.

Bibi alitazama kwa muda mrefu. Magobi yalisogea ukingoni mwa duara. Baba akayafukuza, akarudi mahali pake. Yakasogea tena, akayafukuza tena. Hatimaye bibi akasema: "Kwetu sato jike huwaficha wanawe kinywani. Huyu wenu kinywa hakimtoshi, ndiyo maana amekaa mlangoni." Kisha akamgeukia mjukuu: "Haya, mume wangu. Tutamngoja amalize kulea."

Laiti jambo lingeishia hapo, lingekuwa hadithi ya samaki tu. Lakini Ijumaa usiku shemeji aliporudi, macho mekundu kwa safari, mama yake alimwandalia chakula, akakaa mbele yake, akasema kwa upole: "Nimemwona baba mmoja ziwani. Hatoki mlangoni."

Shemeji alielewa mara moja. Akaweka kijiko chini. "Mama," alijibu, "samaki halipi nyumba."

Hapakuwa na mtu aliyeweza kumlaumu. Malori yale ndiyo yaliyolipa nyumba, bima ya matibabu, na paa la mama mwenyewe kule Ukerewe. Lakini na mama naye hakusema uongo. Kijana alikuwa amejifunza kuvua kwa baba yake, na tangu majira ya baridi walikuwa hawajavua pamoja hata mara moja. Tulimaliza kula kimya. Asubuhi shemeji akamwambia mkewe kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi hatachukua mzigo. Dada aliinamisha kichwa kidogo. Nilijua anahesabu fedha. Kisha akasema, "Sawa."

Siku hiyo tulikwenda sote. Ulikuwa msimu wa wale nzi wa ziwani ambao huibuka kwa mamilioni, wakafunika magari na taa za barabarani, wakapasuka chini ya viatu. Bibi aliwatazama kama mtu aliyekutana na jamaa, maana Nyanza nayo ina wadudu wake wapaao kama moshi. Baba na mwana walisimama bega kwa bega saa nne nzima. Sikusikia waliyosema, wala sikutaka kusikia. Walipata samaki wanne, wakawachukua wawili wenye kipimo.

Bibi alipata mchuzi wake. Lakini dada hakuula, na hili nalo lilihitaji maelezo. Mwaka 1970 uvuvi ulipigwa marufuku katika ziwa hilo, Marekani na Kanada, baada ya zebaki kugunduliwa katika samaki. Aliyefichua jambo hilo ni mwanafunzi kutoka Norway, Norvald Fimreite, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Western Ontario. Na sumu yenyewe ilitoka hasa katika viwanda vya kemikali. Kiasi chake kimepungua sana tangu hapo, lakini hakijaisha, na samaki wakubwa walao wenzao hukusanya zaidi. Zebaki hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Idara ya afya ya jimbo hutoa mwongozo wa samaki gani wa ziwa gani aliwe kwa kiasi gani. Dada aliusoma, akaamua kula kuku. Bibi alihuzunika, kisha akasema samaki hana kosa, kosa ni la waliomwaga.

Ndugu msomaji, majuma hayohayo nyumbani kwetu Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Si jambo jepesi. Miezi mitatu bila mtumbwi ni miezi mitatu ya madeni kwa mvuvi na watoto wake, na mwenye mshahara kama mimi hana budi kuwa na adabu anapomhubiria. Hata hivyo naamini bibi wa Ukerewe aliona sawasawa. Aliukubali msimu baada ya kumwona mlezi kwa macho yake, na hakuacha kudai kitoweo chake wakati wake ulipofika. Kuacha kwa muda si kupoteza.

Ama kuhusu sisi wazazi, jibu la shemeji lingali kweli: samaki halipi nyumba. Jumapili ile jioni aliwasha lori, akaondoka kama kawaida. Lakini Jumamosi moja alikuwa ameikata katika hesabu zake na kuilipia kwa fedha alizozihitaji, naye mwanawe alijua hivyo. Kila mmoja wetu na ajiulize ni Jumamosi ngapi anazoweza kuzilipia, kabla watoto hawajatawanyika.