Miiko Mitatu

Lugha yetu, msomaji, ina neno moja lenye maana tatu, nami nakuomba ulitazame pamoja nami kabla hatujaenda mbali. Neno lenyewe ni mwiko. Mwiko wa kwanza ni wa jikoni, nao husongea ugali na kupakulia wali. Mwiko wa pili ni wa mwashi, bapa la chuma lenye mpini wa mti, nao huchotea saruji iliyochanganywa na mchanga na kuitandaza juu ya tofali. Mwiko wa tatu haushikiki kwa mkono. Huo ni katazo, yaani jambo ambalo watu wa mahali wamekubaliana kwamba halitendwi, hata kama hapana anayekumbuka sababu yake.

Mwiko wa kwanza msichana hupewa bila ya kuuomba. Mwiko wa pili aghalabu hunyimwa hata akiuomba. Baina ya miiko hiyo miwili umesimama mwiko wa tatu, nao ndio unaoamua upi uingie mkononi mwake. Nataka kukusimulia habari za msichana mmoja wa Njukini aliyeutaka mwiko wa pili, na mambo niliyojifunza kwa kumtazama. Jina lake sitalitaja, maana yeye hakutafuta sifa ya kuandikwa. Alitafuta kazi.

Njukini iko upande wa magharibi wa Kaunti ya Taita Taveta, karibu na mpaka wa Tanzania, katika njia itokayo Taveta kwenda Oloitokitok. Asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kilimanjaro huonekana kama kwamba umesimama nyuma ya nyumba ya jirani. Maji ya chemchemi hupita katika mifereji yakanywesha migomba, mahindi na maharage. Upande wa mashariki kuna mbuga ya Tsavo Magharibi, na tembo wa mbuga hiyo huyajua mashamba yetu kuliko tunavyopenda. Sokoni hukutana Wataveta, Wataita, Wakamba, Wachaga na Wamasai. Katika pande hizo mimi nafundisha hisabati, na katika likizo moja shule yetu ilijengewa madarasa mawili mbele ya macho yangu.

Watu husema kwamba ujenzi ni kazi isiyo na wanawake. Kauli hiyo si ya kweli, msomaji. Nenda kiwanja chochote cha ujenzi ukatazame. Wanawake utawaona. Wao huteka maji, huchukua mchanga kwa karai, huchekecha, hufagia na hupika chakula cha mafundi. Lakini mwiko, timazi na pimamaji huvishika wanaume. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anajua kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi mwanamke mwenye ndoo ya lita 20 kichwani ana kilo 20 na zaidi, na hupanda nazo kutoka mferejini mara nyingi kwa siku. Mwiko uliojaa saruji haufiki sehemu ya kumi ya uzito huo. Kwa hiyo, anayedai kwamba uashi ni mzito mno kwa mwanamke hana budi kujibu swali hili: mbona tumempa sehemu iliyo nzito tukamnyima iliyo nyepesi? Jibu hujulikana siku ya malipo. Ujira wa fundi huzidi ujira wa kibarua, na kila mmoja huilinda riziki yake.

Wala hatuhitaji kusafiri mbali kuona kwamba katazo hili halikushuka pamoja na mvua. Majirani zetu Wamasai wana nyumba za jadi ambazo hujengwa na wanawake. Mwanamke wa Kimasai hukata fito, huzisuka, hukandika udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, na nyumba hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya mikono yake. Watu wawili wakutanao katika soko moja, mmoja husema ujenzi ni wa wanaume, mwingine husema ni wa wanawake, na kila mmoja hudhani kuwa anataja sheria ya maumbile. Zote mbili haziwezi kuwa sheria ya maumbile. Ni desturi, na desturi hutungwa na watu.

Sasa nirudi kwa msichana wangu. Alipomaliza shule hakupata karo ya kuendelea, akaingia chuo cha ufundi. Vyuo vya namna hiyo vilianza kuenea vijijini mwa Kenya katika miaka ya 1960, baada ya ripoti ya Baraza la Makanisa ya mwaka 1966 iliyouliza kijana aende wapi baada ya shule. Kwa miaka mingi mazoea ya vyuo hivyo yalikuwa kuwapeleka wavulana katika uashi na useremala, na wasichana katika ushonaji. Mama yake naye alimtakia cherehani. Hakuwa mama mwovu; alijua kwamba cherehani hukaa kivulini, na kwamba watu hawamsemi mshonaji. Binti alimsikiliza kwa adabu, kisha akajiandikisha katika uashi. Alimaliza masomo akafanya mtihani wa ufundi wa daraja la tatu, akafaulu.

Alipokuja kuomba kazi katika madarasa yetu alikuwa na cheti mfukoni na mwiko wake mwenyewe katika mfuko wa kitambaa. Msimamizi wa kazi alikitazama cheti, akakikunja, akamrudishia, kisha akamwonyesha ndoo. Wiki mbili alibeba maji. Siku moja nilimkuta amekaa chini ya mwembe wakati wa chakula, nikamuuliza habari za kazi. Akanijibu, "Mwalimu, nilisomea ukuta, nimepewa ndoo." Hakulia wala hakulaani. Lakini niliyafikiri maneno hayo usiku ule kwa muda mrefu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inasema kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa, pamoja na kupata nafasi sawa katika mambo ya siasa, uchumi, utamaduni na jamii. Hayo ni maneno makubwa, na ni heri kwamba yaliandikwa. Sheria imefungua mlango wa kiwanja. Msichana ameingia. Lakini sheria haiwezi kusimama pale saa mbili asubuhi na kugawa vifaa. Kufunguliwa mlango ni jambo moja; kutiwa mwiko mkononi ni jambo jingine, na hili la pili hutendwa na mtu mmoja kwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa mwashi mzee aliyekuwa akijenga ukuta wa nyuma. Siku hiyo mwenzake aliamka na homa, na kazi ilikuwa imechelewa. Mzee alitazama huku na huku, akasema, "Binti, lete mwiko wako." Msichana akaweka ndoo chini.

Alijenga safu tatu, ambazo mafundi huziita kozi. Mzee aliposhusha timazi, uzi ukaonyesha kwamba ukuta umetoa tumbo. Kicheko kilipaa kiwanja kizima. Mmoja akasema, "Hatukuwaambia?" Nami nilikumbuka kwamba juma lililopita kijana wa kiume, mwanagenzi kama yeye, alijenga ukuta uliopinda vilevile, na watu wale wale walisema, "Mwacheni, bado anajifunza."

Msomaji, hapo ndipo nilipoona kiini cha jambo hili. Wanaume wale hawakumnyima msichana haki ya kujenga tu. Walimnyima haki ya kujifunza, maana hapana ajifunzaye bila ya kukosea. Kosa la mvulana lilihesabiwa kuwa lake peke yake, na la siku moja. Kosa la msichana lilihesabiwa kuwa la wanawake wote, na la milele. Mtu atakayelazimika kuwa hodari siku ya kwanza, au aondoke, hajapewa nafasi. Amewekewa mtego.

Mwashi mzee hakucheka. Alikaribia ukuta, akagusa uzi uliofungwa kutoka pembe hata pembe, akasema kwa sauti ya kutosha kusikiwa, "Ukuta huu haukupindwa na mwanamke. Umepindwa na uzi uliolegea. Kaza uzi." Msichana akabomoa safu tatu kabla saruji haijashika, akayafuta matofali, akakaza uzi, akaanza tena. Jioni timazi ilishuka sambamba na ukuta toka juu hata chini. Hapakuwa na aliyempigia makofi. Kesho yake alipewa ukuta mwingine, na hiyo ndiyo heshima ambayo fundi huitambua.

Baadaye nilimwona akipima pembe ya darasa la pili. Alipima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha akavuta kamba kukatiza pembe mpaka ikawa futi 5 kamili. Ni kanuni ya Pythagoras, ambayo wanafunzi wangu huiandika katika madaftari na kuniuliza ina faida gani. Vilevile alijua kwamba zege hufanywa kwa sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, na kwamba saruji haikomai kwa kukauka bali kwa kuungana na maji, ndiyo maana ukuta mpya hunyweshwa siku saba au zaidi. Mambo hayo hukaa katika akili, na akili haina ndevu.

Dunia imewahi kuyaona haya kabla yetu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wanaume wengi wa Uingereza walipokuwa vitani, wanawake wengi walifanya kazi katika ujenzi wa daraja la Waterloo mjini London. Daraja lilifunguliwa rasmi mwaka 1945, na hotuba ya ufunguzi iliwasifu wanaume waliolijenga. Wanawake hawakutajwa. Habari yao ilihifadhiwa na watu wa mashua katika mto Thames, ambao waliliita Daraja la Mabibi. Jifunze hapo, msomaji, kwamba mtu aweza kupewa kazi kwa sababu ya dhiki, akaifanya vema, na bado akafutwa katika kumbukumbu dhiki ikiisha. Mwiko wa tatu hauvunjwi na dhiki. Hulala tu, ukaamka.

Karibu zaidi nasi, reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, ipitayo Voi katika kaunti yetu hii, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Miongoni mwa madereva wake wa kwanza alikuwako Concilia Owire, mwanamke wa Kenya, na wenzake wengine wa kike waliopelekwa China kujifunza kuendesha treni. Nakuomba utazame neno kujifunza. Hawakutolewa jikoni na kusukumwa katika treni ili ionekane kama watashindwa. Walifundishwa kwanza, kisha wakakabidhiwa kazi. Abiria ashukaye Voi akaendelea na safari ya Taveta na Njukini haulizi treni iliendeshwa na nani. Huuliza kama imefika salama.

Sitaki kumdanganya msichana asomaye maneno haya. Uashi si kazi ya anasa. Jua la Taveta ni kali, vumbi huingia kifuani, na saruji hula ngozi ya vidole. Kazi moja ikiisha, yaweza kupita miezi kabla ya nyingine kupatikana. Lakini dhiki hizo humpata fundi wa kiume pia, naye haambiwi arudi nyumbani. Ukiipenda kazi, ihesabu gharama yake kama aihesabuvyo mwanamume, kisha ujiamulie mwenyewe. Na ukijenga ukuta ukapinda, usiangue kilio wala usiape kuacha. Kaza uzi.

Neno langu la mwisho ni kwa wavulana, nao ni wengi katika madarasa yangu. Baadhi yenu mtakuwa mafundi, baadhi wasimamizi, na karibu nyote siku moja mtataka kujengewa nyumba. Msichana aliyesomea ukuta atakuja mbele yenu na cheti chake. Sikuombeni mmhurumie, wala msimsifu kwa kazi mbovu. Sifa ya namna hiyo ni tusi lililovishwa nguo nzuri. Mpeni kifaa alichosomea. Akikosea, mwonyesheni kosa kama ambavyo mngemwonyesha ndugu yenu. Akimaliza, pimeni ukuta, na mlipeni ujira wa ukuta.

Msichana yule sasa huitwa fundi na watu wa Njukini, ingawa si wote, na si kila siku. Kuna miezi yenye kazi na miezi isiyo na kazi. Mama yake, aliyemtakia cherehani, alimwita mwaka uliofuata amjengee jiko jipya, naye akalijenga. Siku hizi mle ndani husongwa ugali kwa mwiko wa mti, katikati ya kuta zilizosimamishwa kwa mwiko wa chuma, na miiko hiyo miwili haijagombana bado.